Kisu Kinakwenda Kufungua Nini?

Mazungumzo haya yalifanyika Moshi mwezi wa tano, masika yakiwa bado hayajakata na mlima ukiwa na wageni wachache. Mzungumzaji ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Waliomsikiliza ni wapagazi wa mlima, makuli wa sokoni, vijana wa bodaboda na akina mama wanaouza Mbuyuni na Kiboriloni. Yameandikwa karibu kama alivyoyasema.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, shikamooni. Vijana, mambo? Mangi pale nyuma naona umeegemea ukuta. Egemea tu, usione aibu. Kabla sijaanza nina ombi moja: yeyote anayesumbuliwa na mgongo asiteseke kwenye hicho kiti cha plastiki saa nzima kwa ajili ya kuniheshimu mimi. Simama, zunguka, rudi ukae. Ukifanya hivyo utakuwa umeshaelewa nusu ya niliyokuja kusema.

Mimi ni nesi. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka kumi na tisa, na mwaka wa kumi na sita nikalala kwenye kitanda kilekile ambacho nilikuwa nikiwatandikia wengine, mgongo wangu ukisubiri kisu. Kwa hiyo nitasema mengine kama nesi na mengine kama mgonjwa. Mkiona yanagongana, mfuateni mgonjwa.

Tuanze na muwa. Mtu akisema "pingili", sisi tunafikiria muwa, na uti wa mgongo ulipewa jina hilo kwa haki. Una pingili 33. Shingoni ziko 7, kifuani ambako mbavu zinashika ziko 12, kiunoni 5. Zilizobaki 9 zimeshikana: 5 zinafanya ule mfupa mpana wa nyuma ya nyonga, na 4 ndizo kifandugu, kile ulichokalia siku ulipoteleza kwenye tope na kukiona cha moto.

Kati ya pingili na pingili kuna kitu kinaitwa diski. Mama zangu mliokata mgomba kwa panga kuwapa ng'ombe mnaijua diski bila kusoma. Ukikata mgomba ukatazama pale ulipokatwa, unaona matabaka yamezungukana, moja ndani ya jingine, magumu yenye nyuzi, halafu katikati kuna moyo laini uliojaa maji. Diski iko hivyohivyo: matabaka ya nyuzi nje, ute ndani. Ukiinama na kunyoosha miguu ukanyanyua lumbesa huku umejipinda ubavuni, ule ute unasukumwa kwenda nyuma. Matabaka yanavumilia miaka na miaka. Siku moja yanachanika, ute unatoka, na ukitoka unakuta jirani yake ni mshipa wa fahamu unaoteremka mguuni.

Hapo ndipo mtu anasema: "Nesi, mgongo umeniachia kidogo lakini mguu unawaka moto kuanzia kalioni mpaka kwenye kidole gumba." Watu walikuwa wanaumwa hivyo tangu zamani, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake: baridi, majini, jirani. Hata madaktari hawakuwa na jibu lililo wazi mpaka mwaka 1934, huko Boston, William Mixter na Joseph Barr walipoandika kwamba diski iliyopasuka inaweza kukandamiza mshipa na kuleta maumivu ya mguu, na kwamba ikiondolewa mshipa unapumua. Haijafika hata miaka mia. Kwa hiyo babu yako aliyesema ni baridi ya Rombo usimcheke sana.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Maumivu ya mgongo na maumivu ya mshipa uliobanwa ni vitu viwili. Vinaweza kukaa kwa mtu mmoja siku moja, lakini havitibiwi kwa njia moja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Katika kila 10 wa namna hiyo, karibu 9 hakuna daktari anayeweza kuonyesha kidole na kusema ni hapa panapouma. Msuli, kiungo kidogo, uchovu, hofu, kukosa usingizi, vyote vimechangia. Hao hawahitaji kisu. Wengi wao wanapata nafuu ndani ya wiki chache, wakitembea, wakifanya kazi nyepesi, wakilala vizuri, wakifundishwa mazoezi na mtu wa fiziotherapia.

Lakini sisi tunafanya nini? Tunalala. Mama analala wiki tatu, majirani wanaleta mtori, na kila siku mgongo unazidi kukakamaa. Siku mbili za kujipumzisha sawa, sikatai. Wiki tatu ni kuuozesha msuli. Au tunakwenda duka la dawa na kusema, "Nichome ile sindano ya mgongo." Ile sindano mara nyingi ni diklofenaki. Inatuliza, ndiyo. Ukiifanya chai ya kila Jumatatu inakutoboa tumbo na kuharibu figo, na mwenye presha ndiyo kabisa. Nimewahi kumpokea baba mmoja aliyekuja akitapika damu. Alikuwa na miezi minne ya sindano za mgongo. Alipopona tumbo, tukamuuliza mgongo unaendeleaje. Akasema, "Ule ulishapona tangu mwezi wa kwanza, nilikuwa nazuia usirudi."

(Kicheko.)

Mnacheka, lakini ni huyohuyo angekufa.

Na kuna picha. Siku hizi mtu akipata hela kidogo anataka kipimo cha MRI. Anarudi na karatasi imeandikwa diski imechoka, diski imevimba, pingili ya nne na ya tano. Analia kama ameandikiwa hukumu. Watafiti walikusanya picha za watu wasioumwa mgongo kabisa, wazima, wakaona hivi: katika watu 100 wa miaka 20, diski zimechoka kwa 37. Katika 100 wa miaka 80, kwa 96. Hawaumwi! Diski kuchoka ni kama mvi. Picha ina maana pale tu inapokubaliana na mguu wako: mshipa uleule unaobanwa kwenye picha ndio unaopeleka moto kwenye kidole kilekile unachoonyesha. Daktari asiyekugusa mguu, asiyekuambia "inua kidole gumba, nisukume", akatazama picha peke yake na kusema twende tukapasue, mwambie asante, halafu katafute wa pili.

Nimesema wengi hawahitaji kisu. Sasa niseme wale wasiotakiwa kusubiri hata kidogo, na hapa naomba hata wanaochezea simu waache.

Ugwe wa fahamu unaoshuka ndani ya uti wa mgongo unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo unakuwa mafungu ya nyuzi, na waliopasua maiti zamani waliona zinafanana na mkia wa farasi, wakaziita hivyo. Nyuzi hizo ndizo zinazokuamrisha kukojoa, kujisaidia, na mambo mengine ya chumbani ambayo mbele ya wazee sitayataja. Diski kubwa ikitoka yote ikaukandamiza ule mkia, mtu anaanza kuhisi ganzi pale panapogusa tandiko akipanda farasi, au siti ya pikipiki kwa sisi tusio na farasi. Akijipangusa chooni hahisi. Mkojo haushuki, au unashuka wenyewe bila ruhusa. Miguu yote miwili inalegea.

Huyo hatakiwi kulala nyumbani. Ni hospitali usiku huohuo, si kesho baada ya kuuza ng'ombe. Saa zinahesabika, baada ya siku mbili nafasi ya mkojo kurudi inapungua sana. Mpagazi mmoja kijana aliteleza na mzigo akishuka, akahisi miguu mizito, na mkojo ukagoma siku hiyohiyo. Alisubiri siku nne kwa sababu alikuwa na aibu ya kuwaambia wenzake kwamba hajakojoa. Alipasuliwa, anatembea leo, lakini mpira wa mkojo anauvaa mpaka sasa. Aibu ndiyo iliyomponza. Wapagazi, mnapimiwa mizigo getini isizidi kilo 20 za kampuni; basi na nyinyi mjipime hilo la mkojo.

Wapo wengine ambao mgongo wao si diski hata kidogo. Mgongo unaouma usiku ukiwa umelala kuliko mchana, pamoja na homa za jioni, jasho linalolowesha shuka, na uzito kupungua: huo ufikiriwe kifua kikuu mpaka ithibitike vinginevyo. Ndiyo, kifua kikuu cha mgongo. Wengi mnadhani TB ni kikohozi tu. Mdudu yuleyule anahama kutoka mapafuni na kula pingili mbili zilizo jirani pamoja na diski ya katikati, mpaka mgongo unachomoza kigongo. Tuko mkoa wenye Kibong'oto, kule Siha, hospitali ambayo imewatibu wagonjwa wa TB tangu miaka ya 1920, na bado watu wanabeba mgonjwa wa TB ya mgongo kwenda kuchuliwa na mafuta. Dawa zake ni za miezi mingi na ni bure. Wengine wanapona bila kukatwa kabisa. Kumchua mtu ambaye pingili yake imeliwa ni kuvunja ukuta uliokwisha kulika na mchwa.

Ndugu zangu mnaokunywa maziwa mabichi, na hapa nawaangalia jamaa zangu wa Arusha na Simanjiro, kuna homa ya bruselosi inayotoka kwa mifugo na kukaa kwenye viungo vya mgongo na nyonga. Chemsheni. Wazee wa kiume, tezi dume likiwa na saratani hupenda sana kwenda kukaa kwenye pingili. Mzee wa miaka 65 ambaye hajawahi kuumwa mgongo, halafu ghafla unamuuma usiku na mchana, asiambiwe ni uzee.

Na kuna hili la maji. Sisi wa huku tunajuana kwa meno ya kahawia. Ukimwona mtu Dar es Salaam akicheka unajua huyu ni wa nyumbani. Ni floridi kwenye maji, hasa upande wa mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja, na vipo visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Meno ndiyo yanayoonekana. Kisichoonekana ni mifupa. Mtu akiyanywa maji hayo miaka mingi, mifupa ya mgongo inaongezeka unene, viungo vinagandamana, na njia ya ugwe wa fahamu inazidi kuwa nyembamba. Magadi tunayotia kwenye maharage yaive haraka nayo yana floridi. Sisemi mtupe vyungu. Nasema ukimwambia daktari historia ya mgongo wako, mwambie na maji uliyokulia.

Haya, sasa kisu.

Swali la kumuuliza daktari ni moja, na mkisahau mengine yote ya leo mlibebe hili: kisu hiki kinakwenda kufungua nini? Mwache ajibu. Akisema, "Kuna kipande cha diski kimekandamiza mshipa wa tano wa kulia, ndiyo maana mguu wa kulia unawaka na kidole hakiinuki, tunakwenda kukitoa," hilo ni jibu. Akisema, "Njia ya mishipa imekuwa nyembamba, ndiyo maana ukitembea kutoka stendi mpaka Mbuyuni inabidi uchuchumae mara tatu, tunakwenda kupunguza mfupa," hilo pia ni jibu. Akisema, "Pingili moja imeteleza juu ya nyingine, tutaziunganisha kwa skurubu na vyuma zishikane," ni jibu, ila hapo uliza zaidi, maana huo ni upasuaji mkubwa kuliko ile miwili na mfupa unachukua miezi, mara nyingi sita mpaka mwaka, kushikana. Lakini akisema, "Tunakwenda kutoa maumivu ya mgongo," usisaini bado. Kisu hufungua njia ya mshipa, au hutia uimara. Maumivu ya mgongo yenyewe, yale ya asubuhi ukiamka, mara nyingi hubaki kidogo hata kama upasuaji umekwenda vizuri, na aliyekuwa hajaambiwa hilo atasema amedhulumiwa.

Na hata kama diski kweli imebana mshipa, kama huna udhaifu wa mguu unaozidi na mkojo uko salama, una haki ya kusubiri. Waholanzi walichukua wagonjwa 283 wa namna hiyo wakawagawa: wengine wapasuliwe mapema, wengine wasubiri kwa dawa na mazoezi. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Waliopasuliwa mguu ulitulia haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili, kama watu 95 katika kila 100 walikuwa wamepona. Katika waliosubiri, kama 4 katika kila 10 mwishowe walishindwa kuvumilia wakapasuliwa. Kwa hiyo kisu kinakununulia muda. Kwa mtu ambaye mlima unafunguka mwezi wa sita na ana ada ya watoto, muda ni kitu. Kwa mwingine si kitu. Hesabu hiyo ifanye wewe na mkeo au mumeo, daktari haifanyi kwa niaba yako.

Mimi nilisubiri wiki kumi na moja. Mguu wa kushoto ukawa unaburuta, kandambili ikawa inanitoka nikitembea na mimi sijui. Nikakubali.

Na hapa naungama. Mimi niliyewaambia wagonjwa elfu na kitu "usile, usinywe," siku ya upasuaji wangu, hospitali ambayo sitaitaja, niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikatetemeka kwa woga, nikachemsha chai ya maziwa nikanywa kikombe kimoja. Nikajiambia chai si chakula. Yule mtu wa usingizi akaniuliza, nikamwambia ukweli. Akafunga faili. Chai ya maziwa tumboni ni sawa na ugali: inahitaji saa 6. Maji matupu saa 2. Ukipigwa nusu kaputi tumbo likiwa na kitu, na ukalazwa kifudifudi kama tunavyofanya kwa mgongo, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Alikuwa sahihi, nami nilirudishwa nyumbani, nikasubiri nafasi nyingine wiki tatu, mguu ukiburuta. Kikombe kimoja. Kwa hiyo fuateni saa mlizopewa na hospitali yenu, hata kama nesi mwenyewe anakunywa.

Maandalizi yenyewe yanaanza mbali zaidi ya usiku ule. Sigara na ugoro viacheni mapema, wiki nne angalau, na kwa anayewekewa vyuma asivirudie mpaka mfupa ushike. Nikotini inanyima mfupa damu na skurubu zinabaki zinacheza. Sukari ishushwe kwanza, maana kidonda cha mtu mwenye sukari juu ni karamu ya wadudu. Jino lililooza ling'olewe, mkojo unaochoma utibiwe. Watu wanashangaa jino linahusiana vipi na kiuno: wadudu wanasafiri na damu, na vyuma vipya ni nyumba nzuri kwao.

Kila dawa unayomeza ipelekeni mkononi, zote kwenye mfuko, msitegemee kumbukumbu. Za kuyeyusha damu na aspirini daktari ataamua zisimame lini. Usizisimamishe mwenyewe, maana kuna ambaye zinamshikia moyo. Za presha na ARV mara nyingi zinaendelea. Na zile za chupa ya soda, mizizi ya mnadani, kitunguu saumu cha kusaga kila asubuhi, zote zitajwe. Hakuna atakayekugombeza. Baadhi zinafanya damu isigande, na sisi tunataka kujua kabla, si wakati sakafu imelowa. Mbege ni pombe, mzee wangu, nimekuona. Anayekunywa kila siku aseme anakunywa kiasi gani, maana kuikatisha ghafla wodini kuna hatari yake, na dawa ya usingizi inataka kujua.

Ndugu waje kuchangia damu kabla hamjaambiwa. Bima iulizwe mapema inalipa kipi na kipi, hasa vyuma, maana vyuma ndivyo vinavyokula hela. Msije mkajua mkiwa dirishani. Usiku wa mwisho oga mwili mzima kwa sabuni, vaa nguo safi, na usijinyoe mgongo wala kujipaka mafuta. Wembe wa nyumbani unaacha michubuko ambayo huioni, na kila mchubuko ni mlango.

Nimefika nyumbani, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hospitali wanawaeleza ya hospitali tu. Nani atakata majani ya ng'ombe? Swali hilo limewarudisha wodini akina mama wengi kuliko wadudu. Anaruhusiwa siku ya tatu, anafika Kibosho, anakuta ng'ombe analia. Siku ya tano amejitwisha mzigo wa majani kichwani. Siku ya sita anatupigia simu. Diski iliyokwisha kutolewa kipande inaweza kutoka tena palepale. Inatokea kwa watu kati ya 5 na 15 katika kila 100, na wiki sita za mwanzo ndizo za kuogopa. Panga na shemeji, panga na jirani, mkopeshe mtu maziwa ya mwezi mzima ili akulishie ng'ombe. Fanya hivyo kabla ya tarehe ya kisu. Mwenye kibanda sokoni, nani atafungua robota la mitumba? Ni kilo 45 lile.

Choo chetu cha kuchuchumaa. Ukitoka kupasuliwa mgongo hutaweza, na ukiweza hutaweza kuinuka. Chukua kiti cha plastiki kigumu, kile kisichopepesuka, fundi akutobolee katikati, weka juu ya tundu. Fimbo mbili ukutani za kujishikia. Kitanda kisiwe chini mno, godoro lisibonyee kama susu. Ukikaa ukingoni magoti yasipite juu ya nyonga. Sufuria, sabuni, simu, vyote viwe usawa wa kiuno. Njia ya kwenda barabarani kama ni ule mteremko wa tope tunaoujua, ingoje siku kavu au uiwekee changarawe. Na kurudi nyumbani msipande bodaboda. Vijana wa bodaboda samahanini, nawapenda, lakini na matuta yale hapana. Gari ndogo, kiti cha mbele kikilazwa nyuma kidogo, na mnasimama kila baada ya nusu saa anatembea hatua kumi.

Mengine ya wodini nitayapita haraka, mtayaona wenyewe. Utaamka na dripu, pengine na mpira wa mkojo, koo linakereketa. Ganzi ya mguu inaweza kuchukua wiki au miezi kuondoka, usihesabu siku. Tutakusimamisha mapema, mara nyingi siku inayofuata, na utatuchukia. Dawa za maumivu zinafunga choo, kwa hiyo mapapai, maji, mboga. Kidonda kikitoa maji, homa ikipanda, shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au mkojo ukigoma: rudi, usipige simu kwanza.

Mama mmoja hapa mbele ananiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli ukipasuliwa mgongo hutembei tena. Mama yangu, asante kwa kulisema, wengi wanaliwaza. Hatari ipo na daktari anatakiwa akuambie ya kwako ni kiasi gani. Kila upasuaji una damu, una wadudu, na mshipa unaweza kuguswa. Lakini wengi wa wale tunaoambiwa "alipasuliwa akapooza" walifika miguu ikiwa imeshakufa, wamechelewa. Watu wanakumbuka kisu, hawakumbuki miezi iliyotangulia. Mimi nimesimama mbele yako tangu saa nne.

Tumebaki na dakika kumi, na sitaki kuzimalizia kwa maneno. Kuna mkeka pale. Namna ya kutoka kitandani baada ya upasuaji inajifunzwa kabla, maana siku ile utakuwa na maumivu na hutasikia la mtu. Mzee wangu wa mbege, njoo, wewe ndiye mwalimu leo. Lala chali. Usijikunje katikati, wewe ni gogo, na gogo halijikunji. Kunja magoti, nyayo chini. Sasa geuka ubavu, bega na nyonga pamoja, pamoja nimesema. Vizuri. Miguu idondoke ukingoni, mkono wa juu usukume mkeka, inuka. Pumua, usizuie pumzi.

Umeona? Mgongo umeutumia? Hujautumia. Sasa rudi chini, kwa mlango uleule uliotokea. Na wewe Mangi wa ukutani, njoo umfuate.